Sifa za Waliobaki

Katika sherehe za jubilei za makanisa ya Usambara hufika wakati, baada ya kwaya za sharika jirani kwisha kuimba na kabla ya mnada wa mavuno kuanza, ambapo mtu mwenye sauti ya kusikika husimama mbele ya hadhara akasoma tarikhi ya mahali pale: kwamba mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Johanssen na Wohlrab, walifungua kituo cha Mlalo wakakiita Hohenfriedeberg, kwamba mwaka 1893 ukafuata Mtae, mwaka 1895 Vuga, na mwaka 1899 Bumbuli, kwamba nyumba ya ibada ilijengwa lini, na kengele ikapandishwa mlimani lini. Majina ya wageni hutajwa moja moja kwa taadhima, na hiyo ni haki yao, maana walitoka mbali, na baadhi yao wamelala katika ardhi hii hii. Kisha msomaji huongeza maneno manne, "wakisaidiwa na waalimu wenyeji", akaikunja karatasi yake, na watu wakapiga makofi.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya maneno hayo manne. Ndani yake wamefungiwa watu ambao lau tungeliwajua kama tunavyowajua wale waliotajwa kabla yao, vijana wetu wangelikuwa na picha nyingine kabisa ya imani na ya maana ya kuishi nayo. Nasadiki kwamba kipimo chetu cha utukufu kimepotoka kidogo. Twamhesabu mkubwa yule aliyewasili wa kwanza, na baada yake yule aliyekufa kifo cha kutisha. Lakini yule aliyebaki, aliyeamka asubuhi ya pili baada ya mgeni kuondoka, akapiga kengele, akafungua kitabu, akawafundisha watoto wachache waliokuja, na kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka miaka ikapita, huyo aghalabu hana jiwe lenye jina lake wala mstari katika kitabu.

Wala sisemi haya kwa kuwapunguzia heshima waliotangulia kufika. Nani awezaye kusoma habari za Johann Ludwig Krapf asiinamishe kichwa? Alifika pwani yetu mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewazika Mombasa mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe yu mgonjwa wa homa. Mtu mwingine angelipanda jahazi la kwanza akarudi kwao. Krapf alibaki, akajifunza Kiswahili kwa bidii ambayo matunda yake, ile kamusi kubwa, yalitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja nyuma. Na mwaka 1846 akaanzisha kituo cha Rabai pamoja na mwenziwe Rebmann. Mkristo wa kwanza wa kituo kile alikuwa Mringe, mtu kilema, maskini na mgonjwa, aliyeaga dunia punde baada ya kubatizwa. Mavuno ya miaka yote ile ya mashaka, kwa jicho la mwenye kuhesabu, yalikuwa ni huyo mmoja, naye akachukuliwa. Nadhani ni lazima kuukumbuka umaskini huu wa mwanzo, kwa kuwa siku hizi tumezoea kuipima kazi ya dini kwa wingi wa magari yaliyoegeshwa nje ya uwanja wa mkutano.

Mwaka 1848 Krapf alisafiri kwa miguu hadi Usambara, akapanda mpaka Vuga, akaonana na Kimweri ye Nyumbai, yule mfalme wa ukoo wa Wakilindi aliyeitwa Simba Mwene, ambaye amri yake ilitiiwa milimani na kushuka mpaka kwenye fukwe za bahari. Mwaka 1852 alirudi mara ya pili. Mfalme alimpokea kwa ukarimu na akakubali waalimu waje wakae katika nchi yake. Lakini afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ulaya. Kimweri akafariki mwaka 1862. Na Vuga ikangoja zaidi ya miaka arobaini tangu safari ile ya pili kabla ya kuona kituo cha misheni kikisimama.

Yaliyotokea katika kungoja huko yamo katika tarikhi ya mahali hapa hapa tunapoishi. Mtu atokaye kwetu Mombo kwa njia ya Same hafiki mbali kabla ya kuikuta Mazinde, nayo Mazinde ilikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri, mtu shujaa na mwenye hila, aliyetambua mapema kuliko nduguze kwamba nguvu za zama zile zilikuwa katika bunduki na katika njia ya misafara ipitayo bondeni. Baada ya kufa kwa mzee, Wakilindi walipigana wao kwa wao, Wabondei wakaasi, na mateka wa vita vile wakateremshwa pwani kuuzwa. Habari hizo kwa urefu alizihifadhi Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho, kazi ya Mwislamu aliyewajua Wakilindi kwa karibu, kilipigwa chapa na misheni ya Kiingereza ya Magila, upande wa Muheza. Kwetu Mombo, ambako nyumba moja aghalabu ina Hamisi na Yohana waliozaliwa tumbo moja, jambo hilo halitamshangaza mtu, na huenda ndiyo sababu hatulisemi. Nami nalitaja kwa kuwa yapo mengi mema ya zama zile yaliyofanywa na watu wa dini mbili wakiwa wameketi kwenye jamvi moja.

Utumwa ule ndio uliozaa Wakristo wa kwanza waliokuja kuwa viongozi. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere wa misheni hiyo hiyo ya Kiingereza walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hebu tuwatazame kwa utulivu wavulana hao: hawana baba wala mama wa kuwauliza hali, hawajui lugha ya wale Wazungu, hawajui kwa yakini ni nchi gani walikotolewa, na wametoka mikononi mwa bwana mmoja wakaingia mikononi mwa bwana mwingine wasiyejua nia yake. Mmoja wao aliitwa Yohana Swedi. Mwaka 1870 yeye na mwenziwe George Farajallah wakapewa daraja ya kwanza ya utumishi wa kanisa. Haukupita muda Farajallah akafa kwa kipindupindu kilichokuwa kikiichoma Unguja. Swedi aliendelea peke yake, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi, wa kwanza katika wana wa Afrika ya Mashariki kupewa daraja hiyo na misheni ile. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao, naye pia aliyekombolewa utumwani, akawekwa wakfu kuwa padre, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuifikia daraja hiyo. Alikuwa amekwisha kupelekwa Chitangali, huko kusini, pamoja na mkewe aliyelelewa katika shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja, akae miongoni mwa Wayao kama mchungaji.

Kuhusu Mbweni, nataka nimtaje Bibi Caroline Thackeray, aliyeanza kuisimamia shule ile mwaka 1877, akaifundisha na kuilea kwa karibu robo karne, kisha alipostaafu mwaka 1902 hakurudi Uingereza. Alikaa Unguja mpaka akafa huko mwaka 1926. Sijui mgeni mwingine aliyetoa ushahidi mzuri zaidi wa kwamba aliwapenda watu aliowafundisha kuliko kazi yenyewe.

Sasa nirudi milimani. Kituo cha Lutindi, juu ya Korogwe, kilifunguliwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na waliotumwa kukihudumia walikuwa watu wa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa akiwatunza wagonjwa wa kifafa na wale ambao hakuna nyumba iliyowataka. Mtu huyu hakupata kukanyaga Usambara, lakini mkono wake u juu yake. Katika majuma mawili ya Januari 1869 yeye na mkewe walizika watoto wao wanne, wote waliokuwa nao, kwa ugonjwa. Yeye mwenyewe alisema kwamba msiba ule ndio uliomfanya awe na huruma kwa watu wengine, na mimi naliamini hilo, maana mzazi aliyepita katika tanuri lile ama hufa moyo, ama moyo wake hupanuka mpaka ukawaenea watoto wa watu wote.

Watoto wa Lutindi walipokua na biashara ya watumwa kukoma, nyumba ile mwanzoni mwa karne ya ishirini iligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ipo mpaka leo. Wagonjwa wenye nguvu hutoka asubuhi kwenda shamba la chai. Wengine hushughulika na kazi za mikono, kila mmoja kwa kadiri awezavyo. Na mwendo huo wa kazi na mapumziko ni sehemu ya tiba yao. Mwenye kichaa katika zama za babu zetu alifungwa kwenye gogo au aliachwa azurure njiani akila makombo. Huko Lutindi alipewa kitanda, jembe, na mtu wa kumwita kwa jina lake. Tangu siku zile mpaka sasa nyumba ile imekuwa ikihudumiwa na wauguzi, wapishi na wakulima wa Kisambaa, kizazi baada ya kizazi, na kazi ya kumwosha mtu mzima asiyeweza kujiosha, akakutukana ukimwosha, kisha kesho ukamwosha tena, mimi naihesabu kuwa ni sala ndefu kuliko sala zote nizijuazo.

Lipo jambo ambalo mwandishi mwenye insafu hawezi kuliruka. Misheni zilikuja bega kwa bega na dola. Mwaka ule ule wa 1895 ambao watu wa Bethel walifungua kituo cha Vuga, serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga. Mzee wa Kikilindi aliyesimama siku zile akatazama kitanzi upande mmoja na msalaba upande wa pili, angewezaje kutenganisha viwili hivyo? Reli ilipanda kutoka Tanga ikafika hapa Mombo mwaka 1905, na juu yake ulipita mkonge wa walowezi, nyuma yake kodi, nyuma ya kodi kazi ya shuruti. Wako wamisionari waliosema, na wako walionyamaza, na wako waliofaidi. Kwa hiyo Msambaa aliyekubali kubatizwa katika miaka ile alikuwa na mashaka mawili: jamaa zake walimwona amejiuza kwa Mzungu, na Mzungu mwenyewe alimwita msaidizi. Kati ya dharau hizo mbili ndipo alipopaswa kuitafuta imani iwe yake. Namkumbuka hapa Petro Limo, mtu wa damu ya Wakilindi wenyewe, aliyeuacha upande wa jaha akawa padre wa misheni ya Kiingereza. Wenye kulielewa neno la ukoo katika nchi hii watajua ni kitu gani alichokiweka chini.

Kisha vikaja vita, na vita vikafunua kila kitu.

Mnamo Agosti 1914 Wajerumani na Waingereza walipoanza kupigana, Wakristo wa wilaya zetu walijikuta wamegawanyika kwa ugomvi usiokuwa wao. Huko Bonde, Muheza na Korogwe, mapadre wao walikuwa Waingereza, na serikali ilikuwa ya Kijerumani. Mapadre wale walikamatwa wakawekwa kizuizini. Lakini wao walikuwa Wazungu, na Mzungu mahabusi alikuwa na kadiri fulani ya heshima. Ghadhabu yenyewe iliwaangukia mapadre na waalimu Waafrika, waliotuhumiwa kwamba ni wapelelezi wa adui, kwa hoja tu kwamba walifundishwa na Waingereza. Wakafungwa minyororo.

Msomaji wa leo pengine hajui mnyororo wa zama zile ulikuwa namna gani. Ilikuwa pete ya chuma shingoni mwa kila mtu, na katika pete hizo mnyororo mmoja ulipita ukawaunganisha watu safu nzima, hata mmoja akitaka kuketi lazima wote wakubaliane kuketi, na mmoja akishikwa na tumbo la kuhara usiku, wenziwe wote huamka. Hivyo ndivyo walivyotembea watu waliozoea kuvaa kanzu nyeupe na kusimama madhabahuni, wakipita katika vijiji ambavyo baadhi ya wenyeji wake walikuwa wanafunzi wao, wakipelekwa bara.

Miongoni mwao alikuwa Padre Samwil Sehoza, Mbondei. Alistahimili, akaokoka, na baada ya vita akafanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kama ustahimilivu wenyewe: aliketi akaandika. Kitabu chake, Mwaka katika Minyororo, kilitolewa London mwaka 1921, kwa Kiswahili. Tufikiri maana yake. Kabla watu wengi wanaosifiwa leo kuwa waasisi wa nathari ya Kiswahili hawajashika kalamu, padre mmoja wa Tanga alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe habari za kifungo chake, kwa lugha ya watu wake, wala hakungoja mmisionari amsimulie. Twajivunia Shaaban Robert, mwana wa Tanga, na tuna haki ya kujivuna. Lakini ni wangapi katika walimu wetu wa fasihi waliopata kumtaja Sehoza darasani? Mimi sijapata kukiona kitabu kile katika duka lolote la vitabu, si Tanga wala si Dar es Salaam.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalikuja yakifuata reli, yakaitwaa Mombo, yakapanda hadi Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, na mambo yakageuka juu chini. Sasa waliokuwa maadui ni wamisionari wa Kijerumani wa milimani. Katika miaka iliyofuata waliondolewa wote, wengine na wake zao na watoto, wakapelekwa kizuizini na hatimaye kurudishwa kwao. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1925. Basi fikiri, ewe msomaji, usharika wa Mlalo, au wa Mtae kule ukingoni mwa dunia ambako ukungu huingia nyumbani bila hodi: mchungaji hayupo, mshahara haupo, dawa hazipo, karatasi za shule hazipo, njaa na homa ya mafua vilivyofuata vita vinaua watu, na serikali mpya inamtazama kila aliyefundishwa na Mjerumani kwa jicho la shaka. Wale waliotabiri kwamba Ukristo wa Wasambaa ulikuwa nguo ya kuazima, na kwamba mwenye nguo akiondoka wataivua, walikuwa na kila sababu ya kungoja utabiri wao utimie.

Haukutimia. Waalimu walibaki. Waliendelea kukusanya watu siku ya Bwana, wakafundisha wanafunzi wa ubatizo, wakazika wafu, wakaamua ugomvi wa ndoa, na wakalima mashamba yao wapate kula, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwalipa. Wamisionari waliporudi walikuta kanisa. Kwa maoni yangu, miaka ile tisa kati ya 1916 na 1925 ndiyo wakati halisi wa kuzaliwa kwa kanisa la Usambara, kuliko 1891 isomwayo katika jubilei. Kwa maana mwaka 1891 kililetwa kitu, lakini katika miaka ile kilionekana ni cha nani. Na kana kwamba jaribio moja halikutosha, vita vya 1939 vikaleta lile lile: Wajerumani wakakamatwa tena, na wenyeji wakabaki tena, safari hii wakisaidiwa na Walutheri wa Marekani na wa Sweden. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT), Usambara haikuingia kama mtoto aliyeshikwa mkono, na si ajabu kwamba baadaye alitoka huku Askofu Sebastian Kolowa, aliyeliongoza kanisa lile lote toka 1976 hadi 1992, na ambaye jina lake lilipewa chuo kikuu kilichoanzishwa Magamba.

Kuna mgeni mmoja wa zama za vita vile vya kwanza ambaye lazima nimpe nafasi yake, kwa kuwa alielewa jambo ambalo wengi wa wenziwe hawakulielewa. Frank Weston alikuja Unguja mwaka 1898, akawa askofu mwaka 1908, na tangu siku za kufundisha kwake alishikilia kwamba kanisa la Afrika litasimama kwa mapadre Waafrika au halitasimama kabisa. Wakati wa vita aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea nao kwa miguu. Mwaka 1918 aliandika kijitabu cha kushutumu ukatili wa Wajerumani kwa watu wa nchi hii, na Waingereza wakafurahi. Furaha ile haikudumu, maana mwaka 1920 askofu yule yule aliandika kingine, kwa ukali ule ule, kuwashutumu Waingereza wenzake kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mtu anayeipenda haki hutambulika hapo: anapogeukia nyumbani kwao. Weston alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, katika wilaya ya akina Sehoza na Limo.

Nchi jirani zina watu wao wa namna hii. Waganda wanamkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895 akavuka mpaka Mboga, katika Kongo, akapigwa, akafungwa, akafukuzwa, akarudi, akafundisha hata watu wa msituni, na alipofariki mwaka 1933 akazikwa kichwa chake kikielekezwa magharibi, upande wa msitu, kwa wasia wake mwenyewe. Wakongo wanamkumbuka Anuarite Nengapeta, mtawa kijana aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kukataa kumpa afisa wa waasi heshima ya mwili wake, na aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1985. Nawaheshimu wafia dini kwa moyo wangu wote. Lakini nawaomba wahubiri wetu wakumbuke kwamba kijana wa Mombo aliyeketi mbele yao Jumapili, anayeuza matunda kwenye madirisha ya mabasi au anayengoja kibarua cha mkonge, huenda asiitwe kamwe kufa kwa ajili ya imani yake. Ataitwa kuishi nayo miaka hamsini, katika hali ya fedha kidogo na vishawishi vingi, na mtu atakayemfaa kumjua ni yule aliyefanya hivyo kabla yake, katika milima hii hii anayoitazama.

Kuna jambo jingine katika habari za Wasambaa ambalo sijalisikia katika jubilei hata moja. Mwaka 1907 Johanssen aliondoka Usambara kwenda kuanzisha kazi ya Bethel huko Rwanda, Zinga na Kirinda. Hakwenda na Wajerumani peke yao. Alifuatana na Wakristo wa Kisambaa, watu waliobatizwa jana tu, miaka kama kumi na sita tu tangu kituo cha kwanza kufunguliwa kwao, wakaacha migomba yao na wazee wao wakaenda nchi ambayo lugha yake hawakuijua. Yaani Usambara ilikuwa nchi ya kutuma kabla haijakwisha kuhesabiwa kuwa nchi ya kutumiwa. Wanyarwanda wa Kiprotestanti wana deni kwa watu wa Lushoto, nao watu wa Lushoto hawajui kwamba wanadai.

Basi nini kifanyike? Sina haja ya kuomba sanamu. Naomba kwanza kwamba kila usharika wenye umri wa zaidi ya miaka themanini uteue watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana ajuaye kutumia simu kurekodi sauti, waende kwa wajukuu wa waalimu wa kwanza, wakawaulize: babu alikuwa nani, alifundisha wapi, alilipwa nini, bibi alifanya nini wakati babu akiwa safarini, na watoto walikula nini. Wajukuu hao sasa wana miaka sabini, themanini. Katika matanga ya vijiji vyetu habari hizi husimuliwa usiku mzima, na asubuhi hufukiwa pamoja na marehemu. Naomba pia vitabu vya ubatizo vya miaka ile tisa vitafutwe popote vilipo, katika makabati ya sharika na katika masanduku ya chini ya vitanda, vipigwe picha kabla mchwa hawajamaliza kazi yao, kwa kuwa mwandiko wa mtu aliyeandika jina la mtoto mwaka 1918, hali hajui kama yuko mchungaji mahali popote atakayeusoma, ni hati yenye thamani kuliko barua nyingi zilizohifadhiwa Ulaya kwa uangalifu mkubwa.

Naomba pia Dayosisi ya Tanga ya Kanisa la Anglikana na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, ambazo wazee wao waliteswa na mataifa mawili yaliyokuwa yakipigana, zikae pamoja zikitafute kitabu cha Padre Sehoza, zikipige chapa upya. Vuga ilikuwa na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vimesomwa katika nusu ya nchi hii. Kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu. Nakala za kwanza zipewe wanafunzi wa kipaimara, wa milimani na wa bondeni, na kila mwanafunzi atakayeimaliza aulizwe swali moja na mwalimu wake kabla ya kuwekewa mikono: katika ukoo wenu, ni nani aliyekuwa mwalimu mwaka 1916? Asiyejua apewe majuma mawili aende akaulize nyumbani.